Jina la Mtoto na Sala ya Bibi

Mgeni anayefika Tukuyu husifu migomba, mashamba ya chai na mvua isiyochoka. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, huuona siku ukungu ukipenda. Sisi wenyeji tunajivunia pia majina yetu. Kwa Wanyakyusa jina la mtoto laweza kuwa sala nzima: Lugano ni upendo, Ipyana ni neema, Atupele ni ametupa, Tusajigwe ni tumebarikiwa.

Binti yetu wa pili tulimpa hilo la mwisho. Mwaka jana mama mkwe aliugua, tukamleta kwetu mjini. Jioni moja alimwita mjukuu kitandani, akamwekea mkono kichwani na kumwombea kirefu kwa Kinyakyusa. Mtoto akaitikia Amina. Kisha akaja jikoni na kuuliza, "Mama, bibi alikuwa anasema nini? Mbona alinitaja mara nyingi?"

Bibi hakumtaja. Alikuwa anamshukuru Mungu kwamba tumebarikiwa.

Usiku ule tuliongea sana, baba na mama. Lawama tulitaka kuzitupia shule, maana tuliposoma sisi, aliyesikika akiongea kilugha alichapwa. Lakini watoto wetu hawakuchapwa na mtu. Ni sisi tuliowasemesha Kiswahili tangu wananyonya ili wasichekwe darasani, tukakiweka Kinyakyusa kando kwa mambo ya siri: madeni, ugomvi wa ukoo, habari za jirani. Watoto wakazoea kwamba lugha ile ikianza, wao watoke nje. Na ndiyo lugha ambayo injili ilihubiriwa kwa babu zao, tangu Wamoravian walipofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891!

Kiswahili hatukiachi, kimetuunganisha na Watanzania wenzetu. Ila sasa Jumamosi, tunapomenya ndizi za mbalaga, Kiswahili hubaki sebuleni. Mama mkwe, aliyekwisha pata nafuu, hukaa kwenye kigoda na kusahihisha. Asubuhi mtoto huamkia "Ugonile", naye hujibu "Ndaga" kwa sauti ndefu, kama aliyeletewa zawadi.

Juzi binti alijaribu kumwombea bibi yake. Maneno matatu ya Kinyakyusa, mengine yote Kiswahili, na moja alilikosea hata bibi akacheka katikati ya sala. Baba yake naye akacheka. Tulisubiri kidogo, kisha tukamwambia aendelee.