Tunachosahau Kufunga Tukienda Mosi-oa-Tunya

 

Jumamosi iliyopita niliandika ubaoni jina Mosi-oa-Tunya, nikauliza nani anajua maana yake. Mkono mmoja ukapanda upesi. "Mwalimu, mosi ni moja, kama Jumamosi!" Darasa likacheka, na mimi nikacheka, lakini mtoto yule alikuwa amefikiri vizuri. Ila katika jina hili mosi si moja, ni moshi. Jina limetoka katika lugha ya Wakololo na maana yake ni Moshi Unaonguruma. Maneno yetu yana ndugu mpaka huko. Mkipita Lusaka sikilizeni vizuri, mtasikia watu wakiita maji "madzi" na mvua "mvula".

Kwenye ramani nyingi mtaona Victoria Falls, kwa sababu David Livingstone alipoyaona maporomoko hayo mwaka 1855 aliyapa jina la malkia wake. Yako kwenye mto Zambezi, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe.

Naandika haya kwa kuwa baadhi yenu mnakwenda nyumbani kiangazi hiki na mmeniuliza, "Mwalimu, tukifika mpaka Mosi-oa-Tunya tubebe nini?" Mimi nilikwenda na binti yangu alipokuwa na miaka 9. Tulitoka kwa bibi yake Kyela, tukapanda basi Mbeya, tukapita Tunduma na Lusaka mpaka mji wa Livingstone. Nitawaambia tulichobeba, kisha nitawaambia tulichokiacha.

Wenzetu wa Dallas na Fort Worth mmezoea Turner Falls kule Oklahoma. Mnachoma nyama, watoto wanaogelea. Maporomoko yale yana urefu wa mita 23 hivi. Mosi-oa-Tunya yana mita 108, na upana wake unazidi kilomita moja na nusu. Maji yanaangukia kwenye korongo jembamba, manyunyu yanapanda juu angani, kisha yanakurudia kichwani. Ninyi wa Houston mnaijua mvua ya kufurika barabara, lakini mvua inayotoka chini bado hamjaiona.

Kwa hiyo, kwanza ni koti la mvua kwa kila mtu. Langoni wanakodisha, lakini la mtoto likiwa kubwa litamkwaza miguu. Pili, nguo za kubadilisha, pamoja na soksi. Tatu, viatu vinavyoshika chini, kwa sababu njia na daraja vinaloa na mawe yanateleza. Ndala ziacheni hotelini. Nne, kimfuko kisichopitisha maji cha kuwekea simu na pasi za kusafiria. Simu yangu ilikufa siku ile, na picha zote za Kyela zikaenda nayo.

Tano ni sweta. Watoto wa Texas hamtaamini, lakini Juni na Julai kule ni majira ya baridi, na usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi. Sita, begi linalofungika kwa zipu, kwa sababu ya nyani. Wanaijua sauti ya pakiti ya biskuti kuliko nyinyi, na hawaombi.

Tena msifungie vitu kwenye mifuko ya plastiki ya dukani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Na kama tarehe zenu zinaangukia mwezi mpevu, ulizeni kuhusu kuingia usiku. Maji yakiwa mengi, mbalamwezi nayo inatengeneza upinde wa mvua.

Sasa niwaambie tulichokiacha.

Mnajua masanduku yetu yalivyo. Mawili kwa kila mtu, kila moja kilo 23, na ndani yake hakuna nafasi ya mwenye sanduku. Kuna viatu vya wajomba, vitamini za bibi, losheni za mashangazi, simu ya binamu. Nilipima masanduku yale mara tatu kwenye mizani ya bafuni. Dawa za kukinga malaria hazina hata uzito wa kijiko. Sikuzibeba.

Si kwamba sikujua. Mimi ni muuguzi. Ila nimekulia Kyela, ambako malaria tulikuwa tukiizungumza kama mafua. Unaugua, unameza dawa, Jumatatu unarudi shule. Moyoni nilijiona mwenyeji, na mwenyeji hamezi dawa za watalii. Nikasahau kwamba mwili wangu ulikuwa umekaa Texas miaka mingi na kinga ile ilikuwa imepungua. Na binti yangu, aliyezaliwa hapa, hakuwahi kuwa nayo hata siku moja.

Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi alipata homa. Nikasema ni mafua ya ndegeni, au ni kiyoyozi. Nikampa dawa ya kushusha homa, nikaenda zamu ya usiku. Siku ya tatu nilimkuta chini ya mablanketi mawili, anatetemeka meno, na nje ni nyuzi 100 za Fahrenheit. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kazini, kila mgonjwa anayekuja na homa namuuliza kama amesafiri nje ya nchi hivi karibuni. Swali hilo nimewauliza watu wengi nisioweza kuwahesabu. Nyumbani kwangu sikuliuliza.

Tulipofika hospitali sikusubiri kuulizwa. Nilisema mlangoni, "Ametoka Tanzania na Zambia, mpimeni malaria." Alilazwa siku mbili, akapona. Kama ni mbu wa Kyela au wa Zambezi sijui. Ninachokijua ni kwamba usiku wa pili aliamka akaniuliza, "Mama, kwani hukujua?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, kabla hamjanunua zawadi, pelekeni familia nzima kwa daktari, angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, kwa hiyo msigawane vidonge. Kuna dawa inayoanzwa siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea siku 7 baada ya kutoka huko, na kuna nyingine inayoendelea wiki 4. Wengi huiacha wakishashuka ndege DFW au Houston. Imalizeni. Bebeni dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu na nguo za mikono mirefu za jioni, na mkilala kwa bibi, laleni ndani ya chandarua. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya homa ya manjano, hasa kama mtapitia Kenya, Uganda au Kongo.

Dawa hazikingi kwa asilimia mia. Homa ikija mkiwa huko, au hata miezi kadhaa baada ya kurudi, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza liwe mlikotoka. Daktari wa Texas anaona mafua kila siku. Malaria huenda hajaiona mwaka mzima.

Na ninyi watoto, kuna kitu cha kubeba ambacho mama hawezi kuwafungia. Mkiwa kwa bibi, huenda yeye ndiye atakayekuwa karibu nanyi mkianza kuumwa, na hajui Kiingereza chenu. Jumamosi ijayo tutajifunza kusema: Bibi, kichwa kinaniuma. Bibi, nasikia baridi. Bibi, natapika. Tutayarudia mpaka kila mmoja aweze kuyasema bila kutazama ubao.

Njooni na daftari. Wanaosafiri, safari njema, na mkirudi mtusimulie kuhusu moshi ule.