Diski iliyofungwa kwa mpira wa pikipiki

Katika redio moja ya jamii upande wa Minova, kando ya ziwa Kivu, studio na ofisi ni chumba kimoja. Maikrofoni iko juu ya meza, kompyuta iko chini ya meza hiyo hiyo. Humo ndimo wakimbizi wa ndani wanaingia kurekodi matangazo ya kutafuta watu wao.

Siku moja aliingia mama mmoja kutoka Masisi. Alikuwa anatafuta mtoto wake wa kiume wa miaka tisa. Walipotezana njiani, kwenye kijiji cha Shasha. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu ambaye hajalala siku nyingi. Tangazo lilipita jioni. Kesho yake wasikilizaji wawili walipiga simu kuuliza: "Yule mama alisema Sake ao Shasha?" Mmoja alikuwa amekwisha kuzunguka kwa majirani zake kule Sake.

Fundi wa redio alisikiliza tena rekodi. Nyuma ya sauti ya mama kulikuwa na mngurumo usiokatika. Kwa kuwa mama alisema pole pole, fundi alikuwa amepandisha sauti yake, na mngurumo ukapanda pamoja nayo. Kisha alijaribu kuusafisha kwa programu. Programu ilipunguza mngurumo, lakini ilikula pia herufi za mama. Hapo ndipo "Shasha" ilipopotea.

Alizima feni ya chumba, mngurumo ukabaki. Alipoweka kiganja kwenye ubavu wa kompyuta, akasikia bati linatetemeka, na alipolikandamiza, sauti ikapungua. Diski ngumu ya kompyuta ile inazunguka mara 7200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Peke yake hailii sana. Lakini imekazwa kwa skrubu kwenye bati, na bati linapokea mtetemo wake kama ngozi ya ngoma.

Diski isiyozunguka, ambayo haina kelele, ingemaliza shida, lakini pesa haikuwepo. Fundi alikwenda kwa watengenezaji wa pikipiki akaomba mpira wa ndani wa tairi uliochakaa. Alinakili kwanza rekodi zote mahali pengine, akazima kompyuta, akachomoa waya wa umeme. Alitoa diski mahali pake, akaipeleka kwenye nafasi ya kisomaji cha CD, ambayo ni pana zaidi na inaacha kama sentimita mbili kila upande. Akakata vipande vyembamba vya mpira, akavifunga kutoka upande mmoja hadi mwingine, akailaza diski katikati yake. Haikugusa bati popote.

Alizingatia mambo matatu. Mpira usilegee sana, kwa sababu diski inayoyumba inaweza kukosea kusoma. Diski ipate hewa, kwa kuwa bati lililokuwa linaipunguzia joto haliigusi tena. Kwa hiyo hakuifunika kitambaa wala sponji. Na mpira unazeeka kwa joto: ni lazima kuukagua kila mara na kuubadilisha kabla haujapasuka, maana diski ikianguka inafanya kazi, rekodi zinaweza kupotea zote. Kompyuta yenyewe haihamishwi kabla ya kuzimwa.

Alipoiwasha, feni yake ilisikika bado, na mlio mwembamba wa diski haukuisha, kwa sababu huo unapita hewani na mpira hauuzuii. Lakini bati lilikuwa limenyamaza. Alisogeza kompyuta mbali na maikrofoni kadiri waya ulivyoruhusu, kisha akatuma mtu kumwita mama.

"Mama, mutatusamehe, tutarudilia tangazo."

"Hakuna neno, papa. Niseme tena yote?"

"Yote, mama. Museme vile munavyosema kila siku."

Hakumwomba apaze sauti. Mama alisema jina la mtoto, nguo aliyovaa, na mahali walipopotezana. Safari hii programu ya kusafisha haikuguswa.

Tangazo lilipita jioni ile ile. Simu zililia, lakini hakuna aliyeuliza jina la kijiji. Mtu mmoja wa Shasha alisema ataanza kuuliza asubuhi, kanisani na sokoni. Mtoto hajapatikana bado, na kila jioni tangazo linaendelea kupita.