Tambi za maziwa na pilipili zilizotoka Riyadh zikaingia Umoja

Katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, ukimtuma mtoto dukani alete tambi za pakiti, aghalabu hatazitaja kwa jina hilo. Atamwambia mwenye duka "nipe Indomie", hata kama atakazopewa ni za kampuni nyingine kabisa. Kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Dandora, Kayole na Komarock, ni vigumu kupata duka lisilokuwa nazo, zimepangwa nyuma ya seng'enge karibu na sabuni na majani chai, na wanaozinunua zaidi ni watoto wa shule, wanafunzi wa vyuo na makapera wanaoishi chumba kimoja.

Wazee wetu hawazipendi. Mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, huuliza kila mara, "Chakula gani hiki cha dakika tatu?" Kwake yeye mapishi ni kazi ya alasiri nzima: maharagwe yachemke taratibu, nazi ikunwe, tui likamuliwe mara mbili. Kitu kinachoiva kabla hajamaliza kukunja mikono ya rinda lake hakistahili kuitwa chakula. Hoja yake ina uzito na nitairudia.

Lakini ni lazima pia tuwatendee haki wanaozinunua. Mzazi anayetoka kazini Industrial Area jioni, akakwama kwenye msongamano wa magari Jogoo Road, hufika nyumbani saa mbili usiku akiwa hoi. Akiteleka githeri wakati huo, watoto watalala na njaa na mtungi wa gesi wa kilo 6 utakuwa umepungua vibaya. Isitoshe, kuna siku za mgao wa maji, ambapo familia nzima hutegemea mitungi michache iliyojazwa juzi. Tambi za pakiti hupikwa kwa vikombe viwili vya maji na sufuria moja. Sidhani kuna mama wa Umoja au Donholm anayehitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Wengi hudhani kwamba tambi hizi ni za Kichina. Aliyezibuni alikuwa Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan aliyeishi Japani, na alizitengeneza mwaka wa 1958 katika kibanda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, karibu na Osaka. Husimuliwa kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliona watu wamepiga foleni kwenye baridi wakingoja bakuli la tambi za moto, na picha hiyo haikumtoka akilini. Siri aliyoigundua ni mafuta. Unga wa ngano hukandwa, hukatwa nyuzi, hupigwa mvuke hadi ukaiva, kisha hukaangwa kwa muda mfupi. Mafuta ya moto hufukuza maji na kuacha vijitundu vingi, na ndiyo sababu tambi hizo hunywa maji upesi zinaporudi jikoni kwako. La kushangaza ni kwamba zilipoanza kuuzwa zilikuwa anasa, bei yake mara kadhaa kuliko ile ya tambi mbichi za udon. Leo dunia hula zaidi ya pakiti bilioni 100 kwa mwaka. Hata hapa kwetu, mwaka wa 2013 kampuni ya Nissin, aliyoianzisha Ando, iliungana na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja kuunda kampuni ya tambi za Kenya.

Mimi sikuwa na haja na historia hiyo yote mpaka mpwa wangu alipokataa kula.

Dada yangu aliondoka miaka miwili iliyopita kwenda Riyadh, Saudi Arabia, kufanya kazi za nyumbani, kama walivyofanya mabinti wengi wa mitaa hii. Mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, akabaki Umoja na mama yangu pamoja nami. Wiki za kwanza alikuwa mchangamfu. Kisha akaanza kuacha sahani. Ugali aliuacha, wali akauacha, na hata chapati ya Jumapili, ambayo hapo awali alikuwa akiipigania, aliikunja na kuisukuma kando. Alichokuwa akila ni tambi mbichi. Alizivunja zikiwa ndani ya pakiti, akanyunyiza ule unga wa viungo, akatikisa na kutafuna kama bisi. Wazazi wa Eastlands wanaijua vizuri sauti hiyo.

Mwalimu wake alituarifu kwamba mtoto alikuwa akisinzia darasani kabla ya saa nne. Tulipompeleka kliniki, muuguzi alimpima uzito mara mbili, kana kwamba hakuiamini mizani. Mama alitaka tambi zipigwe marufuku nyumbani siku hiyo hiyo. Mimi nilipinga. Mtoto aliyebakiwa na kitu kimoja tu kinachopita kooni, ukimnyang'anya hicho nacho, utampa nini? Tulijibizana hadi jirani akabisha hodi kuuliza kama tuko salama. Mwishowe tukakubaliana kwamba kama ni tambi, basi zipikwe, na zipikwe kwa namna ambayo mtu akila ameshiba.

Nilimpigia dada simu usiku huo nikamweleza. Kwanza alinyamaza sana, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kaka, hizo mimi huzipika kila siku." Kumbe watoto wanne wa mwajiri wake hawataki kitu kingine jioni. Indomie zina kiwanda huko huko Saudi Arabia na zimekuwa chakula cha kila nyumba. Yeye huwapikia kwa maziwa, pilipili na jibini laini ya pembetatu, na anaweza kuzipika amefumba macho. Kesho yake alitutumia ujumbe wa sauti wa karibu dakika nne, sufuria zikigongana nyuma yake, akieleza hatua kwa hatua. Mpwa wangu aliusikiliza ujumbe ule asubuhi, akausikiliza alipotoka shule, na usiku nikamsikia akiusikiliza tena chini ya blanketi. Sikumwuliza kama alikuwa akisikiliza mapishi.

Jibini ya pembetatu haikuwa ndani ya bajeti yetu, kwa hivyo tulibadilisha mambo kadha. Kwa pakiti mbili tulitafuta kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, nyanya moja iliyoiva, karoti moja, spinachi kiganja kimoja, yai moja, kijiko kimoja cha siagi na kijiko kimoja cha unga wa ngano. Mboga zote hupatikana kwa mama mboga mmoja, naye atakukatia spinachi ukimwomba vizuri. Maziwa tulinunua kikombe kimoja kwenye zile mashine ambazo wakazi huziita ATM. Uzuri wake ni kwamba hulazimiki kununua nusu lita nzima. Unalipia kiasi unachotaka na mashine inakumiminia kwenye chupa yako.

Siku ya kwanza mpishi alikuwa mtoto mwenyewe, nami nikasimama kando kulinda moto. Alikaanga vitunguu, akatia nyanya, akatia maji na tambi, na kila kitu kilipokuwa kikitokota kwa nguvu akamwaga maziwa yote kwa pamoja. Yakakatika papo hapo. Kukawa na chembechembe nyeupe zinazoelea kwenye maji mekundu. Mama alionja, akasema ni kama maziwa lala yaliyosahaulika juani, akaenda zake kuswali.

Hapa nitawaeleza wasomaji kinachotokea, kwa sababu watu wengi hulaumu maziwa bure. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo huelea kwa vijidonge vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Asidi ya nyanya ikikutana navyo kwenye joto kali, vijidonge hivyo hushikana na kuganda. Unga wa ngano husaidia kuvitenga visishikane. Kwa hivyo siku ya pili tulianza kinyume. Siagi iliyeyushwa, unga ukakaangwa humo kwa dakika moja bila kuachwa ubadilike rangi, kisha maziwa yakatiwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka, hadi tukapata mchuzi mzito kama uji mwepesi. Huo ukawekwa kando. Kwenye sufuria nyingine nyanya ilipikwa pamoja na karoti hadi ikapondeka kabisa na ukali wake ukapungua, ndipo maji kikombe kimoja na nusu na tambi zikafuata. Spinachi iliingia dakika ya mwisho. Tambi zilipolainika na maji kubakia kidogo, moto ulipunguzwa, mchuzi wa maziwa ukachanganywa, na sufuria ilipotolewa jikoni kiini cha yai kilichopigwa kikakorogwa upesi. Ute wake tuliuchemsha kando, maana sioni sababu ya kutupa chakula. (Wanaoogopa kiini kisichoiva sana, hasa kwa watoto wadogo, wachemshe yai zima na kulikatia juu. Mchuzi utakosa uzito kidogo tu.)

Ikabakia pilipili, na hapo ndipo mama alipoacha kutazama kutoka mlangoni. Mpwa wangu alitaka kuikatakata pilipili mbuzi. Mama alimnyang'anya kisu. "Haikatwi hiyo," akasema, "inaelea." Akaitumbukiza nzima, pamoja na kikonyo chake, katika ule mchuzi wa nyanya. Namna hiyo hutoa harufu yake yote na ukali wa kiasi, na anayetaka moto zaidi huipasua kwenye sahani yake mwenyewe. Maziwa nayo yana kazi nyingine hapa. Ukali wa pilipili hutokana na kapsaisini, ambayo haiyeyuki vizuri majini lakini huyeyuka katika mafuta, na kaseini huinasa na kuiondoa ulimini. Ndiyo maana mtu aliyewashwa na pilipili akinywa maji huendelea kulia, lakini akinywa maziwa hupata nafuu.

Mama alipoona maziwa yametulia bila kukatika, alicheka. "Mnaniletea tambi na maziwa kama habari mpya?" Akatukumbusha tambi za Ramadhani tulizokula utotoni Majengo: tambi nyembamba zilizokaangwa hadi zikawa na rangi ya kahawia, zikapikwa kwa tui jepesi, sukari na iliki, na tui zito likaingia mwisho, moto ukiwa wa chini kabisa, kwa sababu tui nalo likitokota ovyo hukatika. Jambo nililolieleza hapo juu kwa kaseini na asidi, yeye alilijua kwa mkono tangu akiwa msichana. Wiki iliyofuata alileta nazi, akaikuna, na badala ya maziwa tukatia tui. Kwa maoni yangu zile za tui ni tamu zaidi. Mpwa wangu hakubali.

Sasa nairudia hoja ya mama. Tambi zenyewe ni wanga na mafuta, na kile kijipakiti cha viungo kina chumvi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hiyo. Pakiti moja iliyotiwa viungo vyote huweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja. Sisi hutia nusu ya kijipakiti, na ukiwa na tangawizi, saumu na pilipili hutatambua kilichopungua. Nusu nyingine mama huificha, kwa sababu anajua nani angeilamba. Tulikubaliana pia kwamba tambi ni za Jumanne na Ijumaa pekee. Siku nyingine kila mtu anakula kilichopikwa.

Mwezi wa kwanza siku hizo nyingine zilikuwa ngumu. Lakini mtoto alikwishaizoea jiko, akawa anataka kujua kwa nini vitunguu vya mchuzi wa nyama hukaangwa hadi vikawa hudhurungi ilhali vya tambi havifikishwi hapo. Akawa anaonja. Kuonja kukawa vijiko viwili, kisha nusu sahani. Mwezi wa tatu tuliporudi kliniki alikuwa ameongeza kilo 2, na safari hii muuguzi alimpima mara moja tu.

Dada anatarajiwa likizo Desemba. Kila Ijumaa hupiga simu ya picha, na mwanawe huisimamisha simu kwenye mkebe wa majani chai ili mama yake aone sufuria. Majuzi yeye ndiye aliyekuwa akipika kule, nasi tukimtazama, na mtoto akamkemea kwamba moto wake ni mkali na maziwa yatakatika. Dada alijibu kwamba jiko la nyumba ile ni la umeme, hata likizimwa hubaki na joto, kwa hivyo yeye huiondoa sufuria kabisa na kuiweka juu ya kitambaa kilicholoweshwa. Mpwa wangu alifikiri kidogo, kisha akaniomba nimtafutie kitambaa.