Nilidhani Mume Wangu Ana Mchepuko, Kumbe Nyumba Haina Ethi

Kila siku nasoma ndoa za wenzangu humu, leo acha nijianike na mimi. Majina nayaweka kando, maana wahusika wenyewe wanasoma.

Mwaka jana baba watoto alinunua gari dogo la umeme, used kutoka Japani, betri yake kilowati-saa 24. Nilishangilia, mafuta yalikuwa yametuumiza vya kutosha. Kulichaji ni kuchomeka kwenye soketi ya ukutani kama simu, ila waya wake una kiboksi katikati chenye taa. Taa ya kijani, chaji inaingia. Taa nyekundu, hakuna kitu. Kwa soketi ya kawaida linavuta kama kilowati mbili tu, kwa hiyo kulijaza kutoka chini ni shughuli ya usiku kucha.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Tukaweka na pevingi uani ili gari lipate pa kulala. Haukupita muda taa nyekundu ikaanza. Tena si kila siku: leo linachaji, siku tatu linagoma. Hapo ndipo baba watoto alipoanza kurudi saa sita usiku. Ukimuuliza anakwambia, "Nilikuwa nachaji gari kazini, mama. Si unaona hapa nyumbani imegoma?"

Shoga yangu alicheka mpaka akatoa machozi. "Shosti, wa kwako kapata kisingizio cha kisasa. Wenzio tunaambiwa foleni, wewe unaambiwa chaji!"

Jamani, ikaniingia. Nikanunua daftari. Kila siku naandika: taa ilikuwa rangi gani, amerudi saa ngapi, ameloa, ananukia nini.

Wakati huohuo nikaanza kuikagua ile chaja mwenyewe. Si kwa upendo, nilitaka kumwondolea kisingizio. LUKU, uniti zipo. Breka haijaanguka. Soketi nayo, siku zile linapochaji, nikiigusa ni ya moto, na plagi imeanza kuwa ya kahawia pembeni. Nikaitoa ile ekstensheni tuliyokuwa tunatumia, tukaweka soketi mpya imara, nyaya zikakazwa. Joto likaisha. Taa nyekundu ikabaki palepale.

Nikamwita fundi wa mtaani. Akachomeka testa, ikawaka. "Umeme upo, mama. Chaja yenu ndiyo mbovu, lakini tunaweza kuidanganya." Mpango wake ni kuunganisha waya wa ethi na nyutro ndani ya soketi, basi taa itakuwa ya kijani milele. Elfu kumi tu. Nilishafungua pochi.

Mara mwanangu wa miaka saba akaja kutoka jikoni, miguu peku. "Mama, friji inaniuma." Nikamwambia aache utundu. Baadaye kidogo nikavua ndala, nikaenda kuigusa mwenyewe. Wapendwa, ni kama sisimizi wanatembea kwenye vidole. Nikafunga pochi. Fundi akaondoka kanuna.

Usiku ule nikakaa na daftari langu. Kila palipoandikwa "kijani" pembeni yake paliandikwa "ameloa" au "mvua". Ipo siku moja tu ilikuwa kijani bila mvua, na siku hiyo dada wa kazi alimwagilia maua pale ukutani mpaka uani kukawa na tope. Daftari la kumkamata mume likawa linanieleza habari nyingine kabisa.

Kesho yake jioni nikamfuata kazini bila kumwambia. Moyo bado ulikuwa na lake. Nikamkuta kwenye maegesho, amekalia kiti cha plastiki, yeye na mlinzi wanakula mihogo ya kukaanga. Gari limechomekwa, taa ya kijani. Mlinzi akaniambia, "Shikamoo mama. Mwambie mzee aje na kiti chake, hiki changu ataking'oa miguu."

Nilikosa pa kuangalia kwa aibu. Lakini akili ikapiga hesabu hapohapo: gari ni lilelile, waya ni uleule, na hapa linachaji. Basi kosa si la gari wala si la chaja. Tatizo liko nyumbani kwetu.

Tukatafuta fundi mwenye leseni, akaja na mita. Kati ya waya wa moto na nyutro ikasoma volti 230. Kati ya waya wa moto na ethi ingetakiwa isome karibu hivyohivyo, ikasoma 70 na kuchezacheza. Akasema, "Nyumba yenu haina ethi." Ethi ni ule waya wa kijani na njano unaoshuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ili umeme ukivuja upite huko, usipite mwilini mwako. Friji na pasi havijali, vinafanya kazi hata ethi isipokuwepo. Chaja ya gari inakagua kwanza, ikiikosa inagoma.

Tukaufuata waya. Umeingia chini ya pevingi. Pevingi yetu wenyewe! Waliochimba waliukata, wakafukia kimya. Ncha ilibaki udongoni: udongo ukiloa, ethi ya kubahatisha inapatikana, ukikauka, hakuna.

Nikamuuliza kuhusu ule mpango wa elfu kumi. Akatikisa kichwa. "Nyutro ingekatika siku gari limechomekwa, bodi lote la gari lingekuwa na umeme." Mwanangu huwa anaosha gari na baba yake kila Jumamosi. Sikuuliza zaidi.

Tumeweka fimbo mpya na waya mpya, na gari limepewa laini yake peke yake kutoka meni swichi. Tumeongeza na breka ya kinga, inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Ina kitufe cha kujaribia. Mimi ndiye ninayekibonyeza kila mwezi.

Chaja ikigoma kwako, usikimbilie kuidanganya. Jaribu gari hilohilo na waya huohuo kwenye nyumba nyingine yenye umeme wa uhakika. Likichaji kule, muite fundi mwenye mita apime ethi ya kwako, testa haitoshi.

Baba watoto siku hizi analala mapema. Nimemwomba msamaha, daftari sijamwonyesha. Na yule mlinzi tumempelekea kiti kipya. Wenzangu, hivi nimwonyeshe au nilichome?