Mpapai Usiozaa

Mpapai ukiwa mchanga huwezi kujua kama ni dume au jike. Unapanda mbegu, unamwagilia, unafukuza mbuzi, unangoja miezi sita hivi, ndipo maua yanakuambia. Ya kiume huning'inia kwenye vikonyo virefu, mengi na membamba, kama heleni. Ya kike ni makubwa, machache, yamebana kwenye shina. (Iko pia mipapai yenye jinsia zote mbili katika ua moja. Hiyo inajimudu, tuiache.)

Huku kwetu Makueni, ukishajua ni dume, kinachofuata ni panga. Hauzai, unakula mbolea bure, utoke.

Mama ana mipapai tisa, na dume ni mmoja. Mwezi uliopita mjomba alikuja kuukata. Mimi nilikuwa kibarazani na laptop, namalizia makala ya mteja ambaye mpaka leo hajalipa. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokatika, na tangu hapo kila mtu kwenye ukoo ana maoni. Mjomba akautazama mti, akanitazama mimi.

"Nyinyi wawili ni sawa tu. Mnakula, mnarefuka."

Alicheka. Mama hakucheka.

"Mjomba," nikamwambia, "ukiukata, hiyo minane itazaa na nani?"

Kwani alidhani papai linatoka wapi? Chavua ya ua la kiume lazima ifike kwenye ua la kike. Ikitua pale juu, inaotesha mrija mwembamba unaoshuka hadi ndani, ukibeba seli mbili za kiume. Moja inaungana na yai, na hapo ndipo mmea mpya unapoanza. Ya pili inaungana na seli nyingine pembeni ya yai na kutengeneza chakula cha huyo mtoto. Yaani hata kabla hajazaliwa, ameshawekewa akiba! Na kila mbegu nyeusi unayoikwangua na kijiko imehitaji chembe yake ya chavua. Papai moja lina mamia ya mbegu. Hesabu mwenyewe kazi ya huyo dume mvivu.

Ua lisipochavushwa, mara nyingi linaanguka tu.

Ila sehemu ninayoipenda ni ya mbeba mizigo. Mtaalamu wa wadudu Dino Martins, Mkenya, alichunguza mipapai ya Bonde la Kerio na kukuta kwamba kazi kubwa hufanywa na nondo. Si zile za mjengo, bwana. Wale wadudu wakubwa wa usiku wenye mrija mrefu wa kunyonyea. Ua la kiume lina nekta. La kike halina kitu. Linafanana tu na la kiume, linanukia vizuri gizani, nondo anaingia akitarajia kinywaji, anaacha chavua, anaondoka na kiu. Mimi naandikia wateja wa mtandaoni, kwa hivyo nilimhurumia sana.

Haya yote nilimweleza mjomba, yeye amesimama na panga. Akauliza kwa nini basi jirani alikata dume lake na bado anavuna. Nikamwonyesha letu, hatua chache kutoka uani kwa jirani. Nondo hajui ua wa mtu. Madume yote ya upande huu yameshakatwa. Uliobaki ni huu wetu, na ndio unaohudumia mtaa mzima bila shukrani.

"Mambo ya vitabu," akasema, lakini panga likashuka.

Jioni hiyo nilikaa na mama karibu na mti, taa tumezima. Giza lilipoanza kushika, alikuja mmoja, mabawa yanatetemeka hadi huyaoni, akasimama hewani mbele ya zile heleni. Akanywa moja, mbili, tano. Kisha akaruka hadi mpapai wa tatu, akaingiza mrija kwenye ua la kike, akatoka haraka.

"Maskini," mama akasema. "Amedanganywa."

Mjomba amekubali kungoja mpaka Desemba.