Oili Iliyokuwa Ikiongezwa Tu

Kwa baba yangu, oili ya haidroliki haikuwa kitu cha kubadilishwa. Ilikuwa ya kuongezwa. Trekta yetu ya kwanza, Massey Ferguson 135 aliyoinunua ikiwa imeshachoka kutoka shamba la mkonge lililokuwa likifungwa, ilibeba zaidi ya lita 30 za oili katika tumbo moja. Gia zilikuwa humo, difu humo, na pampu ya haidroliki humo humo, imezama. Oili iliyolainisha meno ya gia ndiyo iliyosukuma mikono ya nyuma kunyanyua plau. Kuimwaga yote ili uweke mpya kulitaka dumu zima la lita 20 na la pili zaidi ya nusu, na kwa mwaka 1983 hapa Moshi, oili ya kiasi hicho haikupatikana kwa kuingia tu dukani.

Vijana wakisikia haya hudhani natia chumvi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, fedha za kigeni hakuna, na mwaka huo ndipo serikali ilipoanza kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Aliyekutwa na pipa la oili stoo ilimbidi aeleze amelitoa wapi na analiweka la nini. Baba alinunua lita mbili, lita tatu, kwa mtu aliyemfahamu, na alichopata ndicho alichomimina: leo oili ya gia, ile tisini, kesho namba 40 ya injini. Mikono ya nyuma ilipokataa kupanda, fundi wetu alichomoa kijiti cha kupimia, akakitazama juani, akasema, "Mzee, tuongeze kidogo." Ikipanda, kazi imekwisha.

Na trekta ilivumilia. Nasema hivi kwa heshima, kwa sababu mashine hiyo ilitulisha na kutusomesha. Iliundwa Coventry, Uingereza, na walioiunda waliacha nafasi kubwa ya kustahimili: gia nene, pampu ya pistoni nne, breki kavu zilizokaa nje kabisa ya ile oili. Dalili za kuchoka zilionekana mchana. Asubuhi plau ilinyanyuka bila shida. Jua likiwa utosini, oili imepata moto na kuwa nyepesi, plau ilishuka yenyewe polepole hata dereva akiwa hajagusa wenzo. Dereva alizima, akakaa kivulini, akasubiri chuma kipoe.

Maji yalipoingia kwenye oili, fundi alikuwa na njia yake. Aliilaza mikono ya nyuma chini, akafungua nati ya tumboni, oili ikashuka ndani ya pipa lililokatwa nusu. Ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Aliifunika kwa bati chini ya mwembe, akaiacha itulie. Siku zikipita maji yalishuka chini, kizito kikatengana na chepesi. Hapo alizibua kitundu alichokuwa amekitoboa karibu na kitako cha pipa, maji yakatiririka, na pale tu uzi wa oili ulipoanza kuonekana akaziba kwa kidole gumba. Iliyobaki aliichuja kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara nne, akairudisha ndani. Mimi na kaka yangu tulishika ncha za kanga hiyo, mikono yetu ikinuka oili mpaka wakati wa kula.

Kilichobadilisha mambo ni mpunga. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani, ukitumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Mbegu ya IR54 ikaenea, na majaruba yakachukua nafasi ya mahindi. Massey haikuwa imezoea hali hiyo. Ilikuwa nzito, ikivuta kwa magurudumu ya nyuma pekee, na ilipozama ilizama mpaka ekseli. Tope likikaa saa nzima kwenye sili za ekseli, halikosi pa kupenya.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshatutoka, tulinunua trekta ndogo ya Kubota iliyokwisha kutumika Japani, ya magurudumu manne yanayovuta, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam. Stika zote zilikuwa za Kijapani. Tulikagua kila nati kwa kulinganisha na picha za kitabu cha modeli inayofanana nayo, na ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mazoea ya nyumbani yalikuwa ya mashine nyingine. Hapa pia gia, difu na haidroliki vinatumia oili moja, lakini breki nazo zimo ndani ya oili hiyo. Kuna chujio linalopitisha oili yote kabla haijafika kwenye pampu. Kitabu kinataka oili maalumu ya trekta, aina moja iliyotengenezwa kuhudumia gia, pampu na breki kwa pamoja, na kinataka ibadilishwe baada ya saa 50 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 300 au 400 kutegemea modeli.

Jirani yetu mwenye trekta kama hiyo alifuata ya zamani akamimina tisini. Asubuhi za Julai, baridi ya Moshi ikiwa imekaza, pampu yake ilipiga mluzi, kwa sababu oili nzito haikupita upesi kwenye chujio na pampu ikabaki ikikosa oili. Breki nazo zikaanza kulia na kutetema. Watu walilaumu Wajapani. Kosa halikuwa la mashine. Tisini haina viungo vya kuzituliza diski za breki zinazofanya kazi ndani ya oili.

Jambo lililonishangaza zaidi ni lile la kutulia. Oili yetu ilipoingia maji mara ya kwanza nilijaza ndoo nyeupe, nikaifunika, nikaiweka mahali pake palepale chini ya mwembe. Wiki ikapita, rangi ni ileile. Njia ya fundi wetu haikuwa ya uongo: oili za wakati ule ziliachana na maji zikipewa muda. Oili ya trekta ya siku hizi imetengenezwa makusudi ishike maji kidogo na kuyasambaza, yasikusanyike chini na kula chuma. Ndiyo faida yake. Lakini yakishazidi hadi oili ipauke, hakuna pipa wala kanga itakayoyatoa. Ni kumwaga tu.

Sasa tunabadilisha wenyewe nyumbani. Trekta inazungushwa kwanza kidogo ili oili ipate uvuguvugu na uchafu usibaki umelala chini, kisha inaegeshwa mahali tambarare, mikono ya nyuma imeshushwa mpaka chini ili oili ya kwenye silinda nayo irudi. Nati za kumwagia ziko zaidi ya moja, na ya pembeni kwenye ekseli husahaulika kirahisi. Ninachokipenda mimi ni nati yenye sumaku. Inatoka imevaa ute wa kijivu, laini kuliko unga, na ninausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa laini hivyo, ni uchakavu wa kawaida. Ukikwaruza, ukikuta kipande chenye kona, acha kila kitu utafute ni jino gani limevunjika. Chujio jipya linapakwa oili safi kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono, bila spana. Ukishajaza, washa, pandisha na kushusha mikono mara kadhaa, kata usukani kushoto na kulia, zima, upime tena, maana oili itakuwa imeingia kwenye mabomba na kipimo kimeshuka.

Oili chafu haimwagwi tena mtaroni. Zamani tuliipaka nguzo za uzio na mbao za paa ili mchwa wasile, na iliyobaki ilimwagwa popote. Nimeiona ikielea juu ya maji ya mfereji, utando mwembamba wa rangi nyingi ukielekea kwenye majaruba ya watu wa chini, na maji hayo hayo watoto wanaoga. Siku hizi inarudi kwenye madumu iliyotoka nayo oili mpya, inafungwa, na wanaopita kununua oili chafu wanaichukua.

Kaka yangu bado tunabishana naye juu ya muda. Yeye anahesabu saa kwenye mita, na kwa bei ya oili namwelewa. Mimi nahesabu misimu ya kuingia majarubani, kwa kuwa waandishi wa kitabu hawajui trekta yetu imesimama kwenye maji kwa muda gani. Baada ya msimu uliopita alinionyesha mita, haijafika hata nusu ya saa za kitabu. Nikachomoa kijiti nikampa. Oili ilikuwa imeshapauka. Tukaimwaga jioni hiyo, na alichouliza baadaye ni kama tujaze mpya kwanza, sili ya ekseli ya kulia ingoje fedha za mavuno. Nikamwambia hapana, sili kwanza, trekta isimame mpaka ipatikane, maana huko ndiko maji yanakoingilia.