Breki Inayotimiza Ahadi

Simama kwenye steji yoyote ya bodaboda kando ya Barabara ya Ggaba, kuanzia Kabalagala hadi Bunga, uwaulize waendeshaji: kati ya breki ya mbele na breki ya nyuma, ipi ya kuaminiwa? Wengi watakujibu kwamba ni ya nyuma. Ya mbele, watasema, humrusha mtu. Wengine hulegeza kebo yake kabisa, mkono wa breki ukabaki pale kwenye usukani kama pambo. Imani hiyo haikutoka hewani. Imetokana na magoti yaliyochunika na mifupa iliyovunjika. Hata hivyo, nimejifunza kwamba imani inaweza kuzaliwa na maumivu ya kweli na bado ikamlaumu asiyehusika.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, ninaishi Kansanga. Tangu mwaka jana nimekuwa nikijenga pikipiki ndogo ya porini pamoja na binamu yangu mwenye umri wa miaka 14. Pikipiki za aina hiyo huitwa pitibaiki, kwa sababu mwanzoni waendesha pikipiki za mashindano walizitumia kuzunguka kwenye maeneo ya mafundi, nyuma ya uwanja. Injini zake nyingi, ikiwemo yetu ya cc 110, zinafuata muundo wa silinda iliyolala ambao Honda waliufanya maarufu kwa Super Cub yao ya mwaka 1958. Binamu yangu ameona mashindano ya motokrosi kule Garuga, upande wa Entebbe, na tangu siku hiyo hana usingizi. Tulipata fremu na injini, tukapata gurudumu la nyuma pamoja na breki yake. Mbele hapakuwa na kitu.

Fedha zilitoka kwa mjomba, baba yake. Yeye ni mwendesha bodaboda, na mguuni ana chuma alichowekewa baada ya kuanguka kwenye mteremko wa Buziga, siku ya mvua, barabara ikiwa ya udongo mwekundu. Anakumbuka kwamba alivuta breki ya mbele mara ya kwanza haikushika, akaivuta tena, nayo ikashika yote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo alitupa fedha kwa sharti.

"Mpwa wangu," aliniambia, "muwekee mtoto breki ya nyuma tu. Ya mbele sitaki hata kuiona."

Si rahisi kumbishia mjomba ambaye chuma chake kiko mguuni. Ushahidi wangu ulikuwa vitabuni tu. Lakini aliyekuwa anakwenda kukaa juu ya pikipiki hiyo ni mtoto, na niliona ni lazima nijue ukweli kabla ya kutii au kukataa.

Ukweli wa kwanza ni huu: pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa chini, la nyuma huwa jepesi. Gurudumu jepesi halishiki ardhi, huteleza tu. Ndiyo maana breki ya nyuma peke yake hulifunga gurudumu la nyuma mapema, na pikipiki ikaendelea kwenda huku mkia ukiyumba. Isitoshe, nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa hana mara mbili ya nguvu ya anayekwenda 20, ana mara nne, na akifunga breki kwa nguvu ileile atahitaji mara nne ya umbali ili asimame. Kumnyima mtoto breki ya mbele ni kumnyima sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusimama.

Ukweli wa pili uko upande wa mjomba. Kwenye udongo mlegevu, gurudumu la mbele likifungwa kabisa, hasa kwenye kona, pikipiki huanguka kabla mwenyewe hajafikiri. Na pitibaiki ni fupi, kwa hiyo uzito huhamia mbele haraka zaidi kuliko kwenye pikipiki ndefu. Basi suala letu halikuwa kupata breki kali kuliko zote. Tulihitaji breki ambayo ukiivuta kidogo inakupa kidogo, ukiivuta zaidi inakupa zaidi, leo na kesho, kwenye kiangazi na kwenye matope. Breki inayotimiza ahadi.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ajali ya mjomba. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya dramu mbele. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna viatu viwili vya breki. Ukivuta kebo, kijiti hugeuka na kuvisukuma viatu hivyo vikaguse ukuta wa dramu. Kimoja kati yake kimeelekea upande ambao gurudumu linazunguka, kwa hiyo mara kinapogusa, mzunguko wenyewe hukivuta kishike zaidi. Hiyo ni faida, kwa sababu dramu hupata nguvu hata kwa kebo ya kawaida. Lakini pia ina maana kwamba nguvu inayotoka si lazima ilingane na nguvu iliyoingia. Sasa ongeza maji. Dramu ikipita kwenye dimbwi, maji yanaweza kuingia ndani na yasitoke upesi. Viatu vikilowa, havishiki. Vikianza kukauka kwa msuguano, vinashika ghafla. Mara ya kwanza hakuna kitu, mara ya pili kila kitu. Mjomba alikuwa ameieleza breki ya dramu iliyolowa kwa usahihi kuliko kitabu, ila yeye alidhani anaieleza breki ya mbele.

Breki ya diski iko wazi. Sahani ya chuma inazunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinaibana kutoka pande zote mbili. Maji yakiipata hutupwa nje na mzunguko, na yanayobaki pedi huyafuta upesi. Nayo ina kasoro zake. Jiwe linaweza kuipinda sahani, na matope hula pedi haraka. Mafuta ya breki, kama DOT 4 tuliyotumia, hunyonya unyevu kutoka hewani na kwa hiyo yanahitaji kubadilishwa kila baada ya muda. Hewa ikiingia kwenye bomba, mkono wa breki huwa laini kama sifongo. Dramu unaweza kuitengeneza kwa spana moja chini ya mwembe, lakini diski inadai nidhamu.

Tulikwenda Kisekka, kwenye spea, mimi na binamu. Tulikuta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa gurudumu la bodaboda la inchi 17 lenye dramu, kwa bei ndogo. Ya pili ilikuwa seti ya pitibaiki iliyotumika: foki, gurudumu la inchi 14, sahani ya milimita 220 na kalipa yenye pistoni mbili. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Fundi mmoja alitushauri tununue gurudumu la bei ndogo, kisha tupate kalipa na kuichomelea kwenye foki yoyote. Tulikataa. Sehemu ya chini ya foki nyingi ni ya aluminiamu, na joto la kuchomelea linaweza kuipinda au kuidhoofisha. Kalipa hubeba nguvu yote ya kusimamisha pikipiki, na ikichomoka haitaomba radhi. Dramu nayo inahitaji mahali maalumu pa kulizuia bamba lake lisizunguke pamoja na gurudumu. Somo nililolipata ni kwamba anayechagua breki ya mbele anachagua foki kwanza. Foki ndiyo inayoamua breki gani inakubalika. Tena gurudumu la inchi 17 lingeinua pua ya pikipiki yetu na kuubadilisha usukani wake.

Tulichukua seti. Lililobaki lilikuwa silinda ndogo ya kwenye usukani, ile inayosukuma mafuta. Tulipata mbili, moja yenye pistoni ya milimita 14 na nyingine ya milimita 12.7. Mtu angedhani kubwa ndiyo yenye nguvu, kumbe ni kinyume. Mkono ukivutwa kwa nguvu ileile, pistoni ndogo huleta shinikizo kubwa zaidi kwenye mafuta, hapa kama asilimia 20 zaidi, ila mkono husafiri mbali zaidi. Kwa kidole cha mtoto hilo ndilo tulilolitaka: nguvu isiyomchosha, na safari ndefu ambayo ndani yake anaweza kupima. Haba na haba hujaza kibaba, na breki nayo hujazwa hivyohivyo.

Siku ya kumfundisha binamu niligundua kwamba tatizo moja lilikuwa kwenye lugha yangu mwenyewe. Kiswahili chetu kinasema "funga breki" na "piga breki". Nilipomwambia "funga", alifunga, kama mtu anayefunga mlango. Gurudumu likakwama, pikipiki ikatikisika. Kumbe tuna neno jingine: "shika breki". Unaweza kushika yai, unaweza kushika jembe, na mkono unajua tofauti. Nilipoanza kusema "shika, ongeza, ongeza, achia", vidole vyake vilielewa. Sidai kwamba maneno huzuia ajali. Ninasema tu kwamba anayemfundisha mtu chombo achague kitenzi chake kama anavyochagua spea.

Mjomba alikuja kukagua, uso umekunjamana, mkononi ana dumu la maji. Hakusema neno. Aliyamwaga maji yote juu ya sahani na pedi, kisha akamwamuru mwanawe aende hadi mwisho wa uwanja na kurudi, akisimama pale alipochora mstari kwa kisigino chake. Mtoto alisimama kabla ya mstari. Mjomba akaenda kujaza dumu, akamwaga tena. Mtoto akasimama palepale. Mara ya tatu mjomba alishika mkono wa breki yeye mwenyewe, akausukuma pikipiki taratibu, akavuta, akaachia, akavuta.

"Hii inajibu kila mara vilevile," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Ya kwako siku ile haikujibu, halafu ikapiga kelele."

Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nina spana namba 17. Tulilitoa gurudumu la mbele la bodaboda yake, ambayo kesho yake asubuhi ingebeba watu wa kwenda kazini na wanafunzi wenzangu wa kwenda darasani. Ndani ya dramu mlikuwa na tope jekundu lililokauka, na viatu vya breki vilikuwa vimekwisha upande mmoja. Tulinunua vipya jioni hiyohiyo, tukasafisha dramu, tukakaza kebo ambayo alikuwa ameilegeza tangu alipotoka hospitali.